Florent Mlimani

Rosette aliwavika watoto mifuko ya mkate juu ya soksi, akaifunga kwa raba za nywele, ndipo akawaruhusu kuvaa viatu. Walikuwa kwenye maegesho chini ya mlima mmoja wa New Mexico, na viatu vya theluji hawakuwa navyo. Shemeji yake Dady, aliyeendesha gari kutoka Euless, Texas, alitoa nyuma ya gari beseni la kufulia. Ndilo watoto wangetelezea.

Safari hii Florent, mume wa Rosette, aliiahidi kila Desemba, na kila Desemba ghala la vyakula vya barafu lilimwongezea zamu. Mwaka huu Rosette aliomba ruhusa kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, kwa kuwa hapakuwa tena na mtu wa kungojewa. Florent alikufa mwezi Machi ndani ya chumba cha kuku walioganda. Kitasa cha ndani kilikuwa kibovu, na aligonga mlango mpaka mikono ikakataa. Kampuni ilisema zamu yake ilikuwa imekwisha, hivyo alichokuwa akifanya humo kilikuwa shughuli yake binafsi.

Katikati ya mteremko walimkuta Florent amesimama kando ya msonobari, amevaa koti la kazi na glavu, ndevu zimeganda.

"Mumechelewa," alisema.

Clarisse, binti yake mkubwa, alimjibu kwa Kiingereza kwamba njiani magari yalikuwa mengi. Mdogo wake Wilondja akamkabidhi beseni.

Asubuhi nzima Florent aliwavuta watoto juu na kuwasukuma chini. Akina baba wengine walikuwa wakisimama kuhema. Yeye hakuwa na pumzi ya kumwishia. Watoto wa watu wasiowajua walipanga mstari wakingoja zamu ya beseni, naye akawasukuma wote. Mama mmoja alimshukuru, akamshauri avae kofia.

Rosette aliwatazama kwa muda mrefu. Alidhani angelia, lakini kilichomjia kilikuwa hasira. Florent alipokuja kuketi karibu naye, alimwambia bila kumtazama:

"Kumbe ilibidi ufe ndiyo bakupe congé ya kupumzika."

Florent alikung'uta theluji kwenye glavu.

"Ule mulango," aliuliza baadaye, "balishatengeneza?"

Rosette alimgeukia Dady. Tangu Aprili Dady ndiye aliyeshika zamu ya kaka yake.

"Bado, yaya," Dady alimjibu kaka yake mkubwa. "Balibandika tu karatasi, ati tusijifungie."

Florent alimwagiza asiingie peke yake, na akiingia auzuie mlango kwa kipande cha ubao. Dady alieleza kwamba ubao umepigwa marufuku, eti unatoa baridi nje. Florent akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia habari za nyumbani.

Jua lilipopungua, watoto walitaka arudi nao. Rosette alizima kipasha joto cha gari, akafungua vioo vyote, akamsafishia kiti cha nyuma. Florent aliweka mkono ndani, akautoa ukidondosha maji. Alisema Texas ni mbali kwake sasa. Rosette alimkumbatia, na alipojitoa, nyuzi za sweta yake zilibaki zimeganda kwenye koti la mumewe.

Jumatatu Dady alikwenda kumwambia msimamizi wa ghala kwamba Florent anaulizia kitasa. Jioni alimsimulia Rosette jikoni, wali ukipoa mbele yake. Msimamizi, mtu mpole aliyefika msibani na keki, aliuliza kwanza hali ya Florent. Dady alijibu kwamba hajambo, yuko mlimani, na baridi haimuumi tena. Msimamizi alifurahi kusikia hivyo. Kuhusu kitasa, alisema kimeagizwa. Kisha akafikiri kidogo, akasema kwamba kuelekea Krismasi watu ni wachache, na kwa kuwa Florent amezoea baridi, nafasi yake anaweza kuirudia, zamu ile ile. Akamtuma Dady ndani kuleta kuku.

"Mulango ulifungwa?" aliuliza Rosette.

"Niliushikilia kwa mguu."

Rosette alimsihi asiwaambie watoto habari ya ile nafasi. Wangemwomba baba yao akubali, na Florent, kwa jinsi alivyomjua, angekubali.