Kaburi la Tegesha Kando ya Kijito

Usiku wa kuamkia kupimwa kwa mtaa wetu nilikosa usingizi kama bibi harusi. Lakini utalalaje? Kijito kinarudishiwa njia yake! Hicho kinachopita nyuma ya nyumba zetu hapa Geita, kilichojaa matope, chupa na nepi, ambacho kila masika huingia chumbani kwangu bila hodi. Halmashauri watakizibua, watakipanua, watapanda miti kandokando. Wanachotaka ni kila mmoja wetu aachie kipande cha ardhi kando ya maji, kwa fidia. Mimi nilikubali kabla hawajamaliza salamu.

Sharti ni moja tu. Mtaa ukikutwa na mgogoro au kaburi, katapila litaanza kwingine, sisi tungoje mwakani. Mwakani! Masika mengine tena nikae juu ya meza na kuku wangu?

Asubuhi natupa jicho kwa jirani yangu Mabula, naona kaburi. Jana lilikuwa tuta la viazi. Leo lina saruji, tena mbichi, bata amepita juu ameacha nyayo. Huku kwenye migodi tunaita tegesha: mtu akisikia fidia, anasimamisha kibanda haraka haraka ili alipwe. Lakini kaburi! Mabula alisikia mkutanoni kwamba kaburi linalipwa, akaondoka na furaha yake kabla sharti halijasomwa.

Nimchongee? Hapana, mimi jirani mwema. Nilijifunga kanga kiunoni, nikapiga yowe.

"Jamani, Mabula kafiwa!"

Wanawake wa jumuiya yetu hawajui kuchelewa msibani. Wakaja na mikeka, kuni, unga na sufuria lile kubwa. Mabula akatoka na mswaki mdomoni.

"Shikamoo, Mama Febronia. Kuna nini?"

"Marahaba, baba. Pole sana. Unafiwa unanyamaza, sisi si watu?"

Akaliangalia kaburi, akaniangalia mimi.

"Huyo... huyo wa zamani. Shangazi yangu Mbuke, wa Mhunze."

"Wa zamani, na saruji haijakauka?"

"Nimemjengea upya."

"Basi tutamlilia upya!"

Nikaangua kilio, na mimi kulia najua. Katikati ya kilio akaingia mthamini wa halmashauri, Deusdedit, na fulana yake inayong'aa, nyundo mkononi na vigingi begani. Akaona kaburi, akavua kofia.

"Poleni, mama zangu. Hapa itabidi turuke. Tutarudi mwakani."

Kilio changu kikawa cha kweli.

Ndipo Melania, mzaliwa wa Mhunze, akasema, "Mbuke? Namba ya nyumbani kwake ninayo. Ngoja nitoe pole kwa wafiwa."

"Acha tu, usiwasumbue!" Mabula akaruka.

"Weka spika," nikasema mimi.

Simu ikaita. "Haloo! Nani mwenzangu?"

"Tunatoa pole kwa kifo cha Mbuke."

"Mbuke si ndiye mimi! Nimekufa lini?"

Msiba mzima ukaisogelea simu.

"Umezikwa huku Geita, mayu, mama yangu," nikamweleza. "Kaburi zuri, la saruji."

"Kanizika nani?"

"Mabula."

"Mabula! Nilikuchangia ng'ombe wa mahari, leo unanizika bila hata sanda? Nifukue! Nifukue sasa hivi, nasikiliza!"

Mabula alitafuta wa kumtetea, hakupata. Akachukua sururu. Kila alipopiga, Melania alimsogezea simu, na shangazi akapaza sauti kutoka Mhunze: "Kwa nguvu! Bado nimelala humu!" Watu walicheka mpaka mzee mmoja akadondoka kwenye benchi. Saruji ikapasuka, viazi vikatoka, mfu hakuonekana.

Deusdedit akajifuta machozi, akavaa kofia. "Kaburi hakuna. Mzee Mabula, ardhi yako unaachia au una mgogoro?"

"Naachia," akasema, anahema. Kisha akaninong'oneza, "Mama, na hawa watu wote?"

"Wamekuja msibani, baba. Bandika chai."

Sikungoja chai. Nilimpokonya Deusdedit nyundo na kigingi, nikashuka mbio mpaka ukingoni, yeye nyuma yangu akiita, "Bibi, taratibu! Sijapima!"

"Pima haraka basi, maji yanasubiri njia!"

Aliponionyesha mahali, nikakipiga kigingi mwenyewe mpaka kikasimama.