Kidonge Kichungu cha Wifi

Wifi yangu alilamba kidonge chake, akalamba na changu, kisha akatoa hukumu kama hakimu aliyeshiba.

"Changu kichungu, ndicho dawa. Chako chaki tu, wifi. Pole."

Tulikuwa tumetoka kliniki ya moyo siku hiyohiyo. Mimi na huyu dada wa marehemu mume wangu tunaishi nyumba moja na tunaugua ugonjwa mmoja: moyo umechoka kusukuma damu, maji yanajaa miguuni, ukipanda ngazi unahema kama umefukuzwa na mbwa. Daktari wa utafiti, binti mpole mwenye miwani, alitueleza kuwa kuna dawa mpya, huenda ikalainisha moyo uliokakamaa. Ila lazima ijaribiwe. Nusu ya wagonjwa wangepewa dawa yenyewe, nusu kidonge kitupu kinachofanana nayo, na hata yeye asingejua nani kapata nini.

"Nawe unakubali kufichwa, mwanangu?" nilimuuliza.

"Ndiyo kazi, bibi. Nikijua, nitaanza kuona ninachotaka kuona."

Basi, wifi hakusubiri kuambiwa. Ulimi wake ulishamwambia. Na kweli, mwezi haukuisha akashika ufagio. Mtu aliyekuwa halali ila kwa kuegemea rundo la mito, ambaye viatu vya marehemu kaka yake tu ndivyo vilimwingia, sasa anafagia uani huku akiimba na kunichokoza.

"Kaka yangu alioa goigoi. Inua miguu nipitishe ufagio."

"Inua mwenyewe. Mizito kama magunia."

"Ningekugawia dawa yangu, lakini nakujua, kesho ungetaka na bwana wangu."

"Bwana yupi? Uliyemzika au aliyekukimbia?"

Alicheka mpaka akakaa chini, na akainuka bila kushikwa mkono. Mimi miguu yangu ilikuwa ileile, ukibonyeza kwa kidole kinabaki kishimo. Sikumwonea wivu. Haya, kidogo. Lakini nilitaka aendelee vivyo hivyo kunisumbua, maana sina mwingine wa kunisumbua.

Ndipo tukaitwa kliniki. Wifi alitembea mbele, mimi nyuma najikokota. Tulimkuta daktari anafunga maboksi kwa utepe wa gundi.

"Utafiti umesimamishwa," alisema. "Dawa haikukishinda kidonge kitupu. Waliopewa na wasiopewa wanalazwa sawasawa, wanakufa sawasawa."

"Kuna nyingine?" nikauliza.

"Kwa sasa hapana, bibi. Mtabaki na zile za zamani." Akavua miwani, akaifuta, na haikuwa chafu. "Ila kila mtu ana haki ya kujua alikuwa anameza nini."

Nikamsogelea. "Mwanangu, haki yangu nakuachia. Na ya wifi nakuachia. Usituambie."

"Sema, daktari," wifi akanikatiza. "Mimi nishajua. Nataka huyu mbishi asikie."

Binti akatazama kompyuta, kisha akamgeukia wifi.

"Wewe, bibi, ulikuwa na kitupu. Mwenzako ndiye aliyekuwa na dawa."

Wifi akalamba midomo yake.

"Lakini kilikuwa kichungu."

"Vyote vilitiwa uchungu, ili mtu asivitofautishe."

Kurudi, wifi alisimama kila nguzo ya umeme, akaishika, akavuta pumzi. Sasa mimi nilikuwa mbele.

"Yule binti miwani imempotosha," nikamwambia. "Kasoma majina juu chini."

"Wifi, tangu uolewe kwetu hujawahi kunidanganya nikadanganyika."

"Basi dawa ya kweli imenifanyia nini mimi? Tazama miguu hii. Bora hiyo chaki. Tukaombe ya shuleni, tuilambe wote."

Hakucheka. Hapo ndipo nilipoogopa.

Alirudi kwenye mito yake. Wiki ile ile miguu ikavimba, na sasa hata viatu vya kaka yake havimwingii. Daktari alikuja nyumbani, akamwongezea dozi ya dawa ya kutoa maji, akamshika mkono, akaondoka bila kuahidi kitu. Ni mkweli mno yule mtoto.

Jana nilichukua ufagio makusudi. Nikaburuta mara moja, nikaburuta tena, nikaketi kizingitini. Nikamwita kupitia dirisha.

"Wifi, goigoi anafagia uani kwako. Taka zote kaziacha pembeni."

Zamani angetoka na matusi ya ukoo mzima. Nilingoja. Nilimsikia anahema tu, nami nahema, yeye ndani, mimi nje.