Saliha na Mama wa Kambo wa Hadithini

Vumbi la mtaa wa Bwiza wakati wa kiangazi halikai chini. Mabomba ya nyumbani yamekauka, na asubuhi linapanda na miguu ya watoto waendao kuchota maji upande wa chini wa mtaa, linaning'inia katika mwanga juu ya barabara, juu ya avenyu nzima, jekundu, zito, na ndani yake unaona bidoni za njano zikienda tupu na kurudi zimejaa. Kila nyumba imetuma mtoto wake. Kila nyumba, isipokuwa ya Massoudi fundi wa magari. Huko anayetoka ni mke wake Saliha, mjamzito, tumbo mbele, bidoni mkononi.

Na mlangoni amesimama Khadidja, binti wa Massoudi, miaka tisa, mikono mitupu, akitazama wenzake wanapita.

Usimcheke Saliha. Hakumzaa Khadidja. Aliyemzaa amelala makaburini, Mungu amrehemu, na Saliha aliingia nyumba ile akiwa mama wa kambo. Nawe unajua, sote tunajua, mama wa kambo hadithini ni nani.

Ewe hadithi, watu wako ni wachache na umewazoea! Una sungura wako mjanja na fisi wako mlafi. Una maskini wako anayeoa binti wa mfalme, una msafiri wako anayerudi akakuta hakuna anayemjua. Na una mama wa kambo. Huyo hujampa hata jina. Humwulizi alilala vipi, alikula nini, kama naye aliwahi kumfunika shuka mtoto wa mwenzake. Unampa mtungi uliotoboka, unampa yatima wa kumtuma kisimani, basi, kazi yako imekwisha. Unamjua kabla hajafika.

Saliha alikua na hadithi hiyo. Aliililia alipokuwa mdogo, akamchukia yule mwanamke kwa moyo wote. Loo! Kumbe alikuwa akijichukia mwenyewe, mapema.

Siku Khadidja aliporudishwa kwa baba yake, bibi yake mzaa mama, aliyekuwa akimlea tangu msiba, alisema mbele ya watu: "Saliha, mwanangu, sina ugomvi na we. Lakini siku nitasikia unatesa mutoto wa marehemu, nitakuja kumuchukua mwenyewe." Saliha aliinamisha kichwa. Alikwisha kumpenda mtoto yule, ndiyo maana aliogopa.

Tangu siku hiyo anaishi kana kwamba avenyu nzima inamsimulia. Hamtumi Khadidja maji. Hamtumi dukani, hampi ufagio, hamgombezi akivunja sahani. Nyama nzuri ni ya Khadidja. Asubuhi maji: acha, nitafanya mi. Mchana nguo: acha, nitafanya mi. Jioni vyombo: acha tu, nitafanya mi. Mgongo unamuuma hadi machozi, na jirani yake Spéciose anamsifu kutoka upande wa pili wa ukuta, "Saliha, we kweli uko mutu wa Mungu," na sifa hiyo inamtosha mpaka kesho.

Na mtoto anazidi kunyamaza. Anakula polepole, anasema asante kwa kila kitu, asante, asante, kama mgeni. Saliha anamwona na haelewi. Amekosea wapi, Mungu wangu?

Jioni moja walikuwa uani wakichambua maharage. Khadidja alilitazama tumbo la Saliha.

"Mama mudogo, huyu mutoto akikuwa mukubwa, utamutuma maji?"

Saliha alicheka bila kufikiri. "Ee, si nitamutuma! Akikataa, ataniona. Mutoto wa nyumba anatumwa."

Mtoto akarudisha macho kwenye ungo. Akatoa jiwe katika maharage, akaliweka kando.

"Na mi?"

Maskini Saliha. Sasa ndipo alipomwona Khadidja wa kila asubuhi pale mlangoni: hakuwa akistarehe, alikuwa akiona aibu. Ewe hadithi, ulimkataza ukatili, naye akakutii, akamweka mtoto nje ya nyumba kwa upole. Alilia. Kisha akashikwa na hasira, hasira juu ya mwanamke yule asiye na jina aliyemwogopa maisha yake yote.

Lakini bibi yupo hai, na maneno ya Bwiza humfikia upesi. Mtoto anaweza kuchukuliwa kabla jua halijazama. Saliha alilijua hilo vizuri.

Kulipokucha, wanawake wote wakiwa kwenye malango yao, sauti yake ilitoka, kali, sauti ya nyumba yoyote yenye mtoto:

"We Khadidja! Bado umekaa? Wenzako wote wamekwenda! Chukua bidoni, na ukicheza njiani, utaniona leo!"

Spéciose alishika mdomo. "Eh! Kumbe ndivyo alivyo," akasema mwingine, na vichwa vikageukiana. Saliha alisikia kila kitu. Neno lake hakulirudisha.

Khadidja alitoka mbio na bidoni ndogo, kandambili moja ikimvuka mguuni. Mbele ya geti la Spéciose, ambako hakuna aliyemwuliza, akapaza sauti mtaa mzima umsikie, akilalamika kama watoto wote wanavyolalamika:

"Mama amenituma!"