Zamu ya Hoshim

Baba yangu, Hoshim, alifariki Jumanne moja msimu wa kuchuma pamba. Katika miaka thelathini ya kuchekesha watu harusini hapa mjini Marg'ilon, hakuwahi kukosa jibu. Yeye na mwenzake, Ami Kuchkor, walikuwa wakiketi wakitazamana, wakipewa mada na kurushiana mizaha kwa zamu. Anayenyamaza ndiye aliyeshindwa.

Harusi ya kwanza baada ya arobaini yake, Ami Kuchkor aliketi peke yake. Mbele yake aliuweka mto ambao baba alikuwa akiukalia, sasa hauna mtu. Mada ilikuwa ubaba.

"Hoshim!" aliuambia mto. "Mwanao alipozaliwa alilia, na wewe ukalia. Mkunga akashindwa kujua amvishe nani nepi!"

Watu walicheka. Ilikuwa zamu ya baba. Ami aliukazia mto macho, akisubiri. Nyuma yangu mtu akanong'ona, "Basi, leo Hoshim kashindwa."

Sijui nilisimamaje.

"Mkunga hakushindwa, ami! Nepi alikuvisha wewe, maana ulishafika kuuliza kama kuna maziwa yamebaki!"

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Ami Kuchkor alicheka hadi akafuta macho kwa mshipi wake wa kitambaa.

"Mtoto wa Hoshim, shetani mkubwa we! Njoo ukae."

Nikakaa kwenye mto.

Sasa kila Alhamisi mchana nakwenda kwake kujifunza, na kila Alhamisi ananishinda.