Supu ya Mikono Miwili

"Inatangazwa kwa wakazi wote wa nyumba hii," alisema Walter, amesimama mlangoni mwa jiko na mwiko begani kama bunduki ya gwaride, "kwamba kuanzia leo njaa imepigwa marufuku."

Wakazi wote walikuwa baba yake, Mzee Zadock, na kuku mmoja. Mama alikuwa amekwenda matangani Sondu. Mwaka ule wa ukame unga ulikuwa umeadimika Kisumu nzima, na alichoacha ni kopo la njegere kavu zilizopasuliwa. Mzee, ambaye hakuwa amegusa sufuria tangu aoe, alivuta kiti akakaa kutazama.

Walter alikuwa na haja kubwa ya kumfurahisha. Alikuwa ametoka bweni katikati ya muhula, akieleza kwamba shule imefungwa kwa sababu pampu ya maji imekufa. Baba akishiba, aliwaza, hatauliza habari za pampu.

Akaloweka njegere, akawaondoa fukusi walioelea, akainjika. Akatia magadi kidogo zilainike upesi, akaengua povu, akaongeza kitunguu, nyanya na mfupa wa ng'ombe. Zilipoanza kupondeka alitanua miguu, akashika mwiko kwa mikono miwili, akakoroga kwa mwili mzima kama mtu anayepiga kasia dhidi ya upepo.

Supu ilikuwa nzito hata mwiko ukasimama wenyewe. Bakuli la kwanza Mzee alilinywa lote. La pili lilimvua koti.

"Tamu," alisema. "Siku hizi mnafundishwa upishi?"

"Ndiyo, Baba. Kuna somo."

"Shule ya wavulana watupu?"

"Dunia imebadilika, Baba."

"Haijabadilika sana. Hata sisi tulikuwa na hilo somo." Akanyoosha bakuli aongezwe. "Sufuria ya watu wawili haikorogwi kwa mikono miwili, kijana wangu. Hivyo hukoroga mtu aliyezoea kupikia shule nzima. Mimi nilipelekwa jikoni kwa kumfungia mwalimu chooni. Wewe je?"

Walter alimtazama kuku. Kuku aliendelea kudonoa.

"Mbuzi, Baba."

"Mbuzi gani?"

"Wa naibu wa mwalimu mkuu. Nilimvalisha tai ya shule, nikampanga kwenye foleni ya gwaride."

"Na pampu?"

"Pampu ni nzima," alisema Walter polepole. "Wamenirudisha nikulete wewe shuleni."