Hendibreki ya Baba Furaha

Simu ya mkewe ilimkuta Hemedi anaoga kwa ajili ya sala ya Ijumaa. Somoe hakusalimia. Alisema uchungu umemshika binti yao Furaha tangu alfajiri, mkunga wa kisiwani Juani kasema apelekwe hospitali Kilindoni bila kungoja, na boti ya Kombo itawaleta maji yakishajaa kidogo. "Saa saba tutakuwa Utende. Shuka na gari mpaka majini, mtoto hawezi kutembea." Kisha akakata.

Hemedi alibaki amesimama na povu masikioni. Gari alikuwa nalo, na gari lenyewe ndilo lililomtia hofu.

Pikapu lake lilikuwa na kasoro mbili ambazo Utende nzima ilizijua. Kwanza, betri imechoka. Ukizima injini huwashi tena mpaka usukumwe. Pili, hendibreki ilikuwa jina tu. Ukiivuta inakuja yote mpaka juu, na gari linaendelea na safari zake. Mwaka mzima Hemedi alishusha barafu na kupakia mwani kwenye mteremko wa zege pale ufukweni, injini ikiunguruma, na nazi kavu yenye makumbi yake imesukumizwa nyuma ya gurudumu. Hakuwa peke yake. Barabara za kisiwa ni tambarare, nazi zimejaa tele, nani ahangaike na spana?

Mwezi uliopita maji yalikuwa yanajaa, yakafika kwenye gurudumu, na nazi ikafanya kile ambacho nazi zote hufanya majini: ikaelea. Pikapu likarudi nyuma hatua tatu. Iddi mpagazi, aliyekuwa ameshika mlango wa nyuma wenye komeo bovu, akabanwa mguu kati ya bampa na boti, ukavunjika chini ya goti. Hemedi aliwaambia ndugu za Iddi kwamba hendibreki ilikatika ghafla. Alilisema hilo kwa uso mkavu kabisa, nao wakamjibu kwamba ni mipango ya Mungu. Tangu siku hiyo aliikwepa njia inayopita nyumbani kwa Iddi.

Sasa ulikuwa mteremko uleule na maji yaleyale ya kujaa, na anayeletwa ni mwanawe.

Alifika ufukweni saa sita. Wanaume wote walikuwa wamekwenda msikitini. Alikuwepo mmoja tu, amekaa juu ya kreti la soda, mguu kwenye plasta na gongo ubavuni. Hemedi alitamani awe mtu mwingine yeyote.

"Shikamoo, Baba Furaha," Iddi alisema.

"Marahaba. Furaha analetwa, ana uchungu."

Iddi aliliangalia pikapu, kisha mteremko. "Na hendibreki?"

"Naikaza sasa hivi."

"Basi utahitaji mtu wa kuivuta." Akachukua gongo lake, akaenda kupanda kitini kwa dereva bila kuombwa, mguu wa plasta ukining'inia nje ya mlango.

Gari lilikuwa limesimama mahali pa tambarare, juu ya mteremko. Hemedi akamsogezea Iddi kiti nyuma, akatia mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, akainua nyuma kwa jeki. Injini hakuthubutu kuizima. Ingezimika, nani angesukuma? Akaingia chini kwa mgongo, huku chuma kikitetemeka shubiri moja juu ya pua yake. Alisoma kila dua aliyoikumbuka, na nyingine aliichanganya.

Waya wa hendibreki aliuona mara moja. Umelegea, umepauka kwa chumvi, na nati ya kuukazia imeshikana na kutu. Aliimiminia mafuta, akaigonga, akaivuta kwa spana. Spana ikateleza, vifundo vya vidole vikachubuka. Aliangalia saa. Saa sita na dakika ishirini na tano. Akajaribu tena kwa mikono miwili, na nati ikalia, ikazunguka.

"Vuta," alisema.

"Meno kumi na mawili," Iddi akajibu toka juu, akihesabu milio ya hendibreki ikipanda. "Bado laini."

Akakaza. "Vuta."

"Tisa."

Akakaza tena, safari hii kwa hasira. Iddi akasema ni manne, na Hemedi akafurahi. Kisha akamwambia aiachie, akalizungusha gurudumu kwa mkono. Halikwenda. Jasho likamtoka upya. Hendibreki inayoshika hata ikiachiwa ingeunguza breki kabla hawajafika Kilindoni, na mwanawe angejifungulia njiani kwenye moshi. Ikabidi alegeze, nusu mzunguko, halafu robo.

"Saba," Iddi alisema. "Na inauma kweli."

Gurudumu lilizunguka hendibreki ilipoachiwa, likagoma ilipovutwa. Hemedi alifunga nati ya pili juu ya ile ya kwanza isilegee. Alitakiwa atoke, lakini alibaki pale chini, kwa sababu ilikuwa rahisi kusema bila kumtazama mtu.

"Iddi. Siku ile haikukatika ghafla. Ilikuwa mbovu mwaka mzima, na nilijua."



"Najua," Iddi alisema toka juu. "Ile nazi niliiweka mimi kwa mkono wangu, Baba Furaha. Nami nilijua maji yanajaa."

Mlio wa boti ukasikika upande wa kisiwa cha Chole.

Iddi alimpisha kitini; Hemedi akashusha jeki, akaondoa mawe, akarudi nyuma mteremkoni mpaka maji yakafika nusu ya magurudumu. Akavuta hendibreki. Meno saba. Mguu wake ukabaki juu ya breki, mzito, haukutaka kutoka. Boti iligusa mchanga. Kombo alikuwa ameshika usukani isije ikageuzwa na wimbi, na Somoe alikuwa amemkumbatia Furaha, ambaye uso wake ulikuwa wa majivu.

"Baba Furaha, njoo umbebe," Somoe aliita. "Nazi iko wapi?"

"Leo hakuna nazi," Iddi akamjibu.

Hemedi aliangalia kioo cha pembeni. Iddi alikuwa amesimama majini nyuma ya gari, plasta na vyote, gongo kwapani, ameshika mlango wa nyuma usijifunge. Palepale alipovunjiwa mguu.

"Toka hapo, Iddi."

"Nani mwingine atashika mlango?"

Furaha alitoa mguno. Hemedi akainua mguu kwenye breki kidogo kidogo. Pikapu likasogea upana wa kidole, na moyo wake ukasimama. Halafu gari nalo likasimama. Alihesabu mpaka tano, akashuka.

Hakukumbuka baadaye jinsi alivyopita majini. Alikumbuka uzito wa mwanawe, mkono wake ukimbana shingoni, na macho yake mwenyewe yasiyotaka kuliacha lile gurudumu. Walimlaza Furaha juu ya godoro alilokuwa amelitandika nyuma ya pikapu, Somoe akapanda kando yake. Hemedi akafunga mlango wa nyuma kwa kamba, akakimbilia usukani.

Alitia gia, akashika mkono wa hendibreki aiachie, akaangalia kioo kwa mara ya mwisho. Iddi hakuwa ameondoka. Alikuwa amesimama palepale, mikono yote miwili juu ya mlango, macho ameyafumba, midomo ikicheza kwa dua. Ndipo Hemedi alipotambua kwamba Iddi aliogopa muda wote ule kuliko yeye.

"Iddi," aliita taratibu. "Pisha, mwanangu. Tumemaliza."

Iddi alifumbua macho. Aliliangalia gurudumu, kisha maji yaliyokuwa yamefika mapajani mwake.

"Imeshika?"

"Imeshika."

Akapisha upande kwa gongo lake, na Hemedi akapandisha gari kuelekea Kilindoni.