Mawe Yasiyo na Baridi

Wageni wakifika huuliza lile lile: mawe yako wapi? Wameiona filamu, wamesafiri, wanataka picha kwenye jumba la bibi kizee wa ngano. Wanachokuta ni mlango wa buluu iliyochujuka, na mimi, seremala niliyekunja uso. Nawaambia niliyabomoa. Sielezi zaidi, maana hawakuja kusikiliza msiba wa mtu.

Mama alikuwa hospitali watu wa filamu walipoipenda nyumba yake. "Wape, mwanangu," alisema, "ila nikirudi nikute kwangu." Waliponipa na kazi ya kuigeuza, kichwa kikanivimba. Nikaunda mawe ya povu la plastiki, nikayapaka saruji na masizi, nikaufunika mlango wote pamoja na miimo yake, mbao za kando zinazoushika. Mtaa mzima ulikuja kushangaa. Mimi, mwanawe wa pekee, nikasahau kwamba macho ya mama yalikwisha zamani, na nyumba yake aliijua kwa mkono. Kwenye mwimo wa kulia palikuwa na pengo, kumbukumbu ya siku marehemu baba alipong'ang'ania kuingiza kabati. Mama hakuingia ndani bila kulipapasa.

Aliruhusiwa mapema, ugonjwa umemchanganya kidogo. Nikamshika mkono hadi mlangoni. Akapapasa, akapapasa tena.

"Umenileta kwa nani?"

"Kwako, mama. Haya ni mawe ya filamu tu."

"Jiwe gani halina baridi? Usinichezee, mwanangu. Nipeleke nyumbani."

Akagoma kuingia. Nikampeleka kwa mdogo wake, mtaa wa pili, kisha nikamwendea mwongozaji wa filamu.

"Wiki moja tu, fundi," akaniambia. "Limebaki tukio la mwisho."

Kubomoa kungechukua nusu saa, na nyundo ilikuwa kiunoni. Lakini nilikuwa nimeahidi. Tena, niseme kweli, nilitaka kazi yangu ionekane.

Kila asubuhi mama alivaa viatu, akakaa kitandani kunisubiri.

"Leo tunakwenda?"

"Kesho, mama."

Mama mdogo alinifuata hadi nje. "Kesho kesho mpaka lini? Kabomoe, wewe."

Siku ya sita asubuhi wakapiga lile tukio la mwisho. Walipofungasha tu nikabomoa, nikaufuta mwimo vumbi, nikaenda mbio kumchukua. Nilimkuta mama mdogo ameketi kizingitini, amepakata viatu vya mama. Nilikuwa nimechelewa kwa saa mbili.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu naishi naye humu humu ndani.

Filamu niliitazama mara moja. Mwishoni bibi kizee anarudi kutoka safari ndefu, anagonga jiwe mara tatu, na mlango unajifungua wenyewe. Ukumbini watu walipiga makofi. Mlango ule haujifungui. Nyuma yake kulikuwa na kamba, na asubuhi ile aliyeivuta ni mimi.